Dira Iliyopanda Punda

Shoga zangu, tangu nirudi sijapata kuteka maji kwa raha. Nikiinama tu kisimani, mmoja wenu ananiuliza, "Eti Mwanaidi, ni kweli mliongozwa na punda?" Nikimjibu huyu, wa pili anafika na ndoo yake anataka nianze upya. Aliyesikia mkia anauliza kichwa, na aliyesikia kichwa amekwisha kukipeleka sokoni kikiwa na pembe. Basi nimekaa kitako, nimechonga kalamu, nimeandika yote. Atakayeniuliza tena, atafute wa kumsomea.

Sababu ya safari mnaijua. Mdogo wangu Saada ameolewa na Rajabu, fundi wa reli, naye Rajabu amempeleka Dodoma, kule Wadachi wanakolaza vyuma vya gari la moshi. Saada amekwisha kuzika watoto wawili, wote wawili walizaliwa kimya na wakazikwa kimya. Mimba hii ya tatu ilipokuwa imepevuka, akanitumia salamu kwa mchuuzi wa samli: "Mwambieni dada aje. Mara hii nisipomwona mlangoni, sitapata nguvu za kusukuma." Mama yetu hayupo, shangazi hawezi kutembea. Aliyebaki ni mimi. Usiku ule ule nilifunga kanga zangu.

KUTOKA KONDOA, KIBLA MGONGONI

Msafara uliokuwa ukiondoka ulikuwa mmoja tu, wa Bwana Hemedi, ambaye nyote mnamjua kwa kilemba chake na kwa kutoambilika. Alikuwa akipeleka majembe ya wahunzi wa Haubi, watu wa Ugogo wayapate kabla mvua hazijaanguka. Wapagazi wake walikuwa wachache, na kati yao kulikuwa na Chiwanga, Mgogo mzaliwa wa Nzuguni, mtu mrefu, mchache wa maneno, lakini yale machache yana ncha. Kulikuwa pia na punda. Bwana Hemedi alimnunua msimu uliopita hapa hapa sokoni kwetu, akamwita Kadhi, kwa sababu akishahukumu kusimama hakuna rufaa.

Na kulikuwa na dira. Mdachi mmoja mpima ardhi, aliyekuwa amechoka na homa na anarudi kwao, alimpa Bwana Hemedi kisanduku cha shaba kwa kibuyu cha asali. Kisanduku kina kioo juu, na chini ya kioo kuna sindano inayocheza. Asubuhi ya kuondoka Bwana Hemedi alituita sote tukaizunguka.

"Sindano hii," akasema, "inaijua kibla. Izungushe utakavyo, itaitafuta Makka yenyewe."

Mwanamke mmoja akaanza kulia pale pale. Mimi nikauliza, "Kama inaelekea kibla, Bwana Hemedi, yule Mdachi alikuwa anaifanyia nini?"

"Ndiyo maana akaiuza kwa asali," akanijibu. "Hakuijua thamani yake."

Sasa kibla yetu iko kaskazini, na Dodoma iko kusini, kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: sindano ielekee nyuma, sisi tuende mbele, tutatokea Dodoma. Mzee mmoja wa msikitini alinong'ona kwamba si adabu kuipa Makka mgongo safari nzima. Bwana Hemedi akamjibu kwamba kila aendaye Dodoma huipa mgongo, ila sisi tutaipa kwa uhakika.

Mtauliza kwa nini tusifuate barabara kuu, ambayo hata mbuzi anaijua. Barabarani askari walikuwa wakikamata wapagazi kwenda kuchimba njia ya serikali, na mpagazi akikamatwa mzigo unabaki ukitazamana na mwenyewe. Zaidi ya hapo, Bwana Hemedi alisema barabara inapindapinda kama utumbo, na kwamba kwa dira tutakata pori moja kwa moja na kufika mapema zaidi. Hapo ndipo aliponipata mimi. Mtu akiniambia "mapema," nilikuwa tayari kumfuata hata mtoni.

Mkononi mwake ile sindano ilitetemeka kila alipopiga hatua, na Bwana Hemedi hapendi kitu kinachositasita. Akaifunga kwa kamba juu ya shogi, ile mifuko miwili anayovikwa punda, katikati kabisa ya majembe. Sindano ikayumba kidogo, ikageukia mkia wa Kadhi, ikatulia tuli.

"Mnaona?" akasema. "Imeridhika."

Sote tukaona imeridhika. Tukaondoka.

PORINI, AMBAKO JUA LILIKOSEA

Nawaambia kweli, mwanzoni ilikuwa raha. Kadhi alitangulia, Bwana Hemedi ubavuni mwake akichungulia kioo kila baada ya hatua chache, na kila alipochungulia sindano ilikuwa imeuelekea mkia. "Sawasawa!" anapaza sauti. Nasi nyuma tunaitikia, "Sawasawa!" Kadhi akikwepa mwiba akapinda kushoto, sawasawa. Akipinda kulia kufuata majani, sawasawa. Sijapata kuona safari isiyokosea namna ile.

Tulikula ugali wa uwele uliopoa, tukaulainisha kwa samli. Maji tuliyapata kwa kufukua mchanga wa makorongo, na yalikuwa na rangi ya chai bila ladha yake. Mimi nilikwenda nikimhesabia Saada miezi yake kwenye vidole, nikifika mwisho naanza tena, kana kwamba nikihesabu vizuri zaidi ataningoja.

Chiwanga alinishangaza. Mtu huyu amekwenda na kurudi njia ya Ugogo tangu ujana wake. Watu husema hujua amefika wapi kwa kunusa vumbi tu. Lakini safari hii alikwenda akitazama visigino vya aliye mbele yake, akiimba nyimbo za ng'ombe. Nikamuuliza, "Chiwanga, hapa ni wapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui vipi, na wewe ndiwe mwenyeji?"

Akaelekeza kidevu kwenye mgongo wa punda. "Kazi ya kujua imepewa kile kisanduku. Mimi nimepewa ya kubeba."

Nikamcheka. Lakini mimi mwenyewe, jua la alasiri lilikuwa likinipiga usoni, nikashusha ukaya mpaka puani na kuendelea kutembea. Siku ya pili likanipiga tena usoni, nikaushusha tena. Mtoto wa chuo cha Kurani anajua kwamba aendaye kusini jua la jioni humwangukia shavu la kulia. Mimi binti wa mwalimu nililiona, likaniunguza pua, na bado sikuuliza kitu, maana mbele kulikuwa na mtu anayeita "Sawasawa!"

Mpagazi mmoja ndiye aliyejaribu. "Bwana, mbona jua linatuzamia mbele?"

"Msimu huu jua huegemea," akajibu Bwana Hemedi, wala hakugeuka.

Kisha tukafika kwenye mto mpana wa mchanga mtupu. Chiwanga akaacha kuimba. Akautazama juu, akautazama chini.

"Huu ni Bubu," akasema. "Kwetu hatwendi kwa kuvuka Bubu."

"Mito huhama," akasema Bwana Hemedi, na Kadhi alikuwa tayari yuko ng'ambo.

Lakini kioja chenyewe kilikuwa kwenye sala. Jioni mizigo ikitelemshwa, shogi linawekwa chini na dira yake juu, na Bwana Hemedi anatupanga kufuata sindano. Jioni ya kwanza tulisali tukielekea kilima. Ya pili, shogi liliwekwa kinyume, tukasali tukielekea kichaka cha miiba. Jioni iliyofuata tukasali tukiwa na jua linalozama katikati ya macho, Bwana Hemedi akisoma kwa sauti nzuri na machozi yakimtiririka, na si ya uchaji. Chiwanga, ambaye si wa dini yetu, alikuwa amekaa juu ya jiwe akitafuna mhogo mkavu. Tulipomaliza akasema kwa upole kabisa, "Juzi Mungu wenu alikuwa kilimani. Jana kichakani. Leo kaingia kwenye jua. Naye yuko safarini?"

Bwana Hemedi alimnyima mhogo wa kesho yake.

Siku iliyofuata Kadhi akabadilika. Masikio yakasimama, hatua zikawa za mbio, mpaka majembe yakaanza kulia ndani ya shogi. "Barabara iko karibu!" Bwana Hemedi akatuambia akihema. "Hata mnyama anaisikia Dodoma." Tukamkimbilia nyuma, kilemba kikining'inia kwenye mwiba mmoja na kiatu kwenye mwingine. Mbele yetu mteremko ulikuwa na tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, nyuma yake imechimbiwa kilimani hata paa limelingana na ardhi. Kadhi hakuuliza mtu. Alipanda juu ya paa na mzigo wake wote, akainamisha kichwa, akaanza kula mtama wa watu ulioanikwa.

KWA MAMA NYUKI, AMBAKO "TULIPITA KUSALIMIA"

Akatoka mwanamke mnene wa makamo, vumbi la paa limemjaa kichwani, mwiko mkononi. Akatazama juu. Punda akatazama chini. Yule mama akataja jina, lenye mlio wa ulimi mwanzoni ambao mimi nimejaribu tangu siku ile na ulimi wangu umekataa, na Kadhi akalia kwa furaha mpaka mate yakamruka.

Kisha yule mama akamwona Bwana Hemedi, na uso ukambadilika.

"Simchukui!" akasema, kwa Kiswahili cha sokoni. "Nilikuuzia mzima. Macho mawili, miguu minne. Nilikwambia anauma. Simchukui!"

Ndipo tukajua tulipo. Tulikuwa Usandawe, upande wa machweo kabisa wa safari yetu, na punda alikuwa amerudi kwao.

Bwana Hemedi akajifuta jasho. "Hatukuja kumrudisha, mama. Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Basi mmekuja kufanya nini?"

Shoga zangu, hapa ndipo nilipotaka ardhi ipasuke. Neno lilikuwa moja tu: tumepotea. Mtoto angelisema. Lakini Bwana Hemedi, mwenye dira, mbele ya wapagazi wake wote, aliniangalia mimi, akaangalia mbingu, akasema, "Tumepita kusalimia."

Mwiko ukashuka. Uso wa yule mama ukafunguka kama mlango. Kutoka Kondoa, kwa miguu, kuja kumsalimia yeye aliyewauzia punda! Haijapata kutokea. Akaita watoto, akaita majirani, akawaeleza kwa lugha yao, na wote wakatutazama kwa heshima kubwa tusiyostahili. Majirani walimwita kwa jina la mizinga yake, nami nikaona salama kumwita Mama Nyuki.

Mnajua desturi zetu sote, Warangi, Wagogo na Wasandawe. Aliyepotea huonyeshwa njia, akapewa maji, akaenda. Lakini aliyekuja kusalimia haondoki hivi hivi. Ikaletwa asali na masega yake. Ukaletwa ugali wa mtama na mlenda, ambao Bwana Hemedi ulimteleza mkononi mara tatu kabla haujafika kinywani. Akaletwa mbuzi, na kwa kuwa sisi ni Waislamu wakamngoja Bwana Hemedi mwenyewe amchinje. Kufika hapo akaomba kwanza amwelekeze mbuzi kibla, akaifungua dira kutoka kwenye shogi, akaiweka juu ya jiwe uani ili na wenyeji waione.

Sindano ikageuka. Ikauacha mkia wa punda, ikauacha upande wote tulioufuata, ikaelekea mkono wa kulia na kukaa huko.

"Imechoka," akasema Bwana Hemedi.

Mimi nilikuwa nimeshika jembe moja, nachokorea makaa. Nilipopita karibu na lile jiwe sindano ikanigeukia. Nikarudi nyuma, ikanifuata. Nikalizungusha jembe, nayo ikazunguka, kama kifaranga na mamaye.

Chiwanga ndiye aliyesema. "Inapenda chuma."

Nikaona kila kitu kwa mara moja: dira juu ya majembe, majembe juu ya punda, punda akienda kwao, na sindano imeng'ang'ania mzigo wake mwenyewe bila kujali kaskazini wala kusini. Ilikuwa ikisema sawasawa kwa sababu popote punda alipogeukia, majembe yaligeuka naye. Bwana Hemedi alikaa chini polepole. Akaninong'oneza, "Kwa hiyo sala zetu..."

"Zilielekea majembe," nikamwambia.

"Tutazilipa?"

"Mungu alikuona ulivyokuwa ukilia juani. Amekwisha kuzipokea. Sasa mwambie huyu mama ukweli, twende."

"Kesho," akasema. "Mbuzi wa watu ameshafungwa."

Kesho! Usiku kucha nilihesabu tena miezi ya Saada kwenye vidole. Asubuhi yake ikaja supu, na baada ya supu wakaja wazee wa upande wa pili kutusalimia sisi tuliokuja kusalimia, nao wakaleta kuku. Nilipomwona yule kuku, shoga zangu, subira yangu ikakatika. Nikasimama katikati ya watu.

"Mama, tumepotea! Hatukuja kusalimia mtu. Hatukujua hata kama unaishi hapa. Tunakwenda Dodoma, mdogo wangu yu karibu kujifungua, amekwisha kuzika wawili, na mimi niko hapa naguguna mifupa ya mbuzi wako! Naogopa. Naogopa atazaa peke yake." Nikalia, kwa sauti, bila haya.

Bwana Hemedi akajifunika uso kwa ncha ya kilemba. Mama Nyuki hakukasirika hata kidogo. Aliacha kutafuna. "Mwenye mimba anangoja," akasema, "na nyinyi mmekaa mnakula?" Akampokonya Bwana Hemedi paja la mbuzi mkononi.

Tukamwomba atuelekeze. Akatuelekeza hivi: shika njia ya nyuki wa marehemu kaka yake, pita alipovunjika mguu yule ndama, usifuate alikoolewa Magreti maana huko kuna maneno, kisha utaona. Tukatazamana. Naye akatutazama akaona sura zetu, akapiga ulimi, akajitupia kaniki begani. "Twendeni. Nitawafikisha barabarani mwenyewe."

BARABARANI, NA KANIKI YA MWENYEWE

Kadhi alimfuata kama mwanakondoo. Hata shogi aliinama mwenyewe avikwe. Tulikwenda na jua la asubuhi usoni, safari hii kwa haki yake, na Mama Nyuki alitembea akiongea njia nzima: huyu kaoa huyu, mzinga ule uliibiwa. Chiwanga aliinua kichwa. Tulipovuka tena Bubu akainama, akachukua vumbi, akalinusa. "Bado si letu," akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Tulipoiona barabara kuu shida ikawa moja: punda hatamwacha mama yake. Tukimvuta anakaa. Tukimsukuma anauma, kama alivyotuonya muuzaji. Mama Nyuki akafikiri, kisha akavua kaniki yake, imelowa moshi wa kurina asali miaka na miaka, akabaki na ya ndani. Akamzungushia Bwana Hemedi, kichwani mpaka kiunoni, akaikaza vizuri chini ya kidevu.

"Wewe tangulia," akamwambia. "Atafuata harufu. Usigeuke, akikuona uso atajua."

Bwana Hemedi alifungua kinywa. Nikamtazama. Akakifunga, akatangulia.

Nikamkumbatia Mama Nyuki. Akaniambia nimsalimie mzazi, na nikipita tena nipite kwa njia ya kweli. Akajificha nyuma ya kichuguu, nasi tukaenda, Bwana Hemedi mbele ndani ya kaniki ya mwanamke, pua ya Kadhi shingoni mwake, akipumuliwa kila hatua. Tulikutana na misafara, na watu walimwamkia, "Shikamoo, mama." Mwanzo alikohoa kwa sauti nzito. Baadaye akaona heri aitikie tu.

Jambo moja lilikuwa limemtoka kabisa, ule ugumu wa kuuliza. Mchunga mbuzi akipita, anaulizwa. Kibibi cha kuni, kinaulizwa. Alimuuliza hata kiziwi mmoja, wakaelewana vizuri sana. Kuhusu askari, tuliwakuta wamelala kivulini, mmoja akafumbua jicho, akamwona mama mrefu mwenye ndevu anaongoza punda, akalifumba. Nadhani alidhani ni homa.

Tulipofika Makutupora, karibu na Dodoma, Chiwanga alinusa tena vumbi. Mara hii aliongeza mwendo, nami nikaongeza.

DODOMA, KULIA KWA RELI

Salamu za Saada zilisema, "Muulize yeyote, nakaa kulia kwa reli." Nikamuuliza wa kwanza niliyemwona, kijana mwenye nyundo.

"Kulia ukiwa unakwenda pwani au unakwenda bara?" akaniuliza.

"Siendi popote! Nimefika!"

"Basi mama, huwezi kuwa na kulia."

Mji ule, shoga zangu, umeolewa na reli. Vile vyuma viwili vimelala katikati, na mtu hajui tena mawio wala machweo, wala mlima wala bonde: ni juu ya reli, chini ya reli, huku pwani, kule bara. Nikamgeukia Chiwanga, mwenyeji. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, anatazama mahema na maduka ya Wahindi na tuta la udongo mwekundu.

"Hapa palikuwa na kichaka," akasema. "Hapo na mti wa kutundika ngozi. Kutoka hapo nilikuwa nafika kwetu nimefumba macho." Akageuka mara mbili pale pale. "Wamekata kila kitu nilichokuwa nakijua, mama. Kwetu kuko hapa hapa, na sikuoni." Nilimhurumia kwa dhati, ila sikuwa na wakati wa kumhurumia vizuri.

Nikakimbia upande mmoja wa reli nikiita, "Saada! Mke wa Rajabu!" Watu wakanionyesha upande wa pili. Nikapanda tuta. Msimamizi akanipigia kelele nishuke, nikampigia kelele zaidi, akanyamaza. Upande wa pili wakaniambia Rajabu amepelekwa mbele na vyuma, lakini mkewe yuko, kwenye mabanda ya mwisho. Ya mwisho upande wa pwani au wa bara? Sikungoja wanijibu. Nilisimama, nikaziba sikio moja, nikasikiliza, maana nyundo zilikuwa zimetua kwa chakula.

Nikamsikia. Alikuwa anagomba. Mdogo wangu akiumwa hugombana, tangu utotoni. "Sitaki maji!" alikuwa akipiga kelele. "Nimesema namtaka dada!"

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka mlango, na Saada ameshika nguzo ya banda kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Aliponiona hakusema karibu. Alisema, "Ulikuwa wapi wewe?" Akaanza kulia, nami nikalia, na mkunga wa Kigogo akatugawa kwa kiwiko. "Mbukwenyi," akanisalimu mara moja, kisha akanionyesha pa kukaa, nyuma ya Saada, nimshike chini ya makwapa. Kupitia mlangoni akamwona mwanamke wa kaniki amesimama na punda, akampigia kelele alete maji ya moto. Bwana Hemedi akaleta. Akatumwa kuni, akaleta kuni. Nafikiri hajapata kutii hivyo tangu azaliwe.

Uchungu ulikuwa mkali na Saada alikuwa amechoka. Alikuwa akisukuma kidogo na kuacha, akisukuma na kuacha, na kila akiacha macho yake yalikuwa yakienda mbali. Nilijua anakwenda wapi. Alikuwa anakwenda kwa wale wawili.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza tena, sauti imepungua. "Nieleze. Nieleze chochote."

Basi nikamweleza. Niliyowaandikia nyinyi hapa, yeye ndiye wa kwanza kuyasikia, mdomo wangu sikioni mwake. Nikaanza na Kadhi na hukumu zake. Uchungu ukija nanyamaza, ukiondoka anasema, "Kisha?" Nikamwambia sindano ilivyoridhika. "Kisha?" Nikamwambia Mungu alivyoingia kwenye jua. Kifua chake kikatikisika mikononi mwangu, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. Mkunga hakuelewa hata neno, lakini aliona, akanipiga goti. "Sema!" akaniamuru. "Wewe sema!" Nikasema. Nikafika pale paani, kwenye vumbi na mwiko, na yule mama anapaza sauti: simchukui, macho mawili, miguu minne, simchukui! Na Bwana Hemedi anajibu...

"Anajibu nini?" Saada akauliza.

"Tumepita kusalimia."

Saada akacheka kwa mwili mzima, kicheko kikageuka ukelele, ukelele ukageuka nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, akasukuma mpaka nguzo ya banda ikalia. Mkunga akapiga magoti. Mara mikono yake ikawa imejaa.

Kisha kukawa kimya.

Saada hakugeuza kichwa. Alikazia macho ukuta, kucha zake zimezama mkononi mwangu, na wala hakupumua. Mkunga alikuwa ametugeuzia mgongo, tunasikia tu anasugua, anapuliza, anapiga kofi dogo. Nje hata punda alikuwa amenyamaza.

Ndipo ikatoka sauti, nyembamba kwanza, imekwaruza, kisha ikafunguka na kujaza banda zima.

Saada naye alikuwa analia, machozi yanamwingia mdomoni. Akanivuta karibu.

"Dada," akaniuliza, "anayelia ni mimi?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni yeye."